Mtandao Usio na Mwenyewe: Nani Hulipia Ushirikiano?

Oktoba 1986 intaneti ilikaribia kujinyonga. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yaliyotengana kwa mita zisizofika 400, kasi ya mawasiliano ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna waya uliokatika wala mhalifu aliyeingia. Kila kompyuta ilipoona ujumbe wake umechelewa kujibiwa iliutuma tena, kisha tena, na njia ikajaa nakala za ujumbe ambao pengine ulikwishafika. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alichapisha tiba yake mwaka 1988. Kompyuta ikiona dalili za msongamano ipunguze kasi yake sana, halafu iongeze kidogo kidogo huku ikisikilizia.

Tiba hiyo bado ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya intaneti, na ajabu yake ni kwamba haina askari. Kompyuta itakayokataa kupunguza kasi itajipatia nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa zile za kistaarabu zitaipisha. Kanuni imedumu kwa sababu imefichwa ndani ya mfumo endeshi, mahali ambapo watumiaji wengi hawagusi, na kwa sababu faida ya kuivunja ni ndogo kuliko usumbufu wake. Hata hivyo programu nyingi za kupakua mafaili hufungua miunganisho mingi kwa mpigo ili zijipatie zaidi ya fungu moja. Ni wizi mdogo ambao tumeshauzoea.

Sasa chukua mtandao ambao hauna hata hicho kificho. Kila mshiriki ana kompyuta yake, anaweza kubadilisha programu atakavyo, anaweza kuingia asubuhi kwa jina hili na jioni kwa jina lile, na hakuna ofisi ya kumshtakia. Utashikamana kwa lipi? Wanasayansi wa kompyuta na wachumi wamehangaika na swali hili kwa robo karne, na tiba walizozivumbua ni za kijanja kwelikweli. Ninavyoziona mimi, hakuna hata moja iliyo ya bure. Ubinafsi hubanika, lakini kila unapobanwa kuna anayelipa, na mara nyingi anayelipa ni mgeni: aliyefika jana, hana jina wala mtaji.

Mahali pazuri pa kuanzia ni mwaka 2000. Napster, iliyozinduliwa 1999, iliwawezesha watu kupeana muziki moja kwa moja, ila orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa kwenye seva za kampuni. Mahakama ya Marekani ilipozibana seva hizo, Julai 2001 Napster ikazima. Gnutella, iliyotolewa Machi 2000 na Justin Frankel na Tom Pepper, haikuwa na seva ya kubanwa. Swali lako lilipita kutoka kompyuta hadi kompyuta mpaka likamkuta mwenye faili. Miezi michache tu baadaye Eytan Adar na Bernardo Huberman, wakiwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox huko California, waliuchunguza mtandao huo kwa saa 24. Karibu asilimia 70 ya watumiaji hawakuwa wameweka faili hata moja la kuwapa wenzao. Karibu nusu ya majibu yote yalitoka kwa asilimia moja ya kompyuta zilizokuwa zikitoa.

Chakula cha kikoa huliwa na waliochanga, na kila mtaa una mdoezi wake anayejua saa ya sinia kushuka. Gnutella ilikuwa kikoa ambacho wadoezi ni saba katika kila kumi. Lakini hofu ya Adar na Huberman ilikuwa nyingine, nayo ni ya kina zaidi kuliko malalamiko ya uchoyo. Mtandao ambao nusu ya kazi yake inafanywa na wachache umeshakuwa na vituo, hata kama kwenye karatasi hauna. Wachache hao wanaweza kushtakiwa, au kuchoka, au kuzima mashine zao na kwenda kulala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster waliporudia kipimo hicho mwaka 2005 waliwakuta wasiotoa wamefika asilimia 85.

Kabla ya kuwarukia watu hao, tutazame mifuko yao. Mwaka 2000 wengi walitumia laini ya simu iliyopokea haraka na kutuma polepole, na kumpakia mgeni faili kulimaanisha ukurasa wako mwenyewe kukwama. Kwetu hali ni ngumu zaidi. Bando la simu huhesabu megabaiti zinazotoka sawasawa na zinazoingia, kwa hiyo ukarimu wa mtandaoni una bei, na bei yenyewe inaonekana kwenye salio. Tena makampuni ya simu huwaweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja ya intaneti, kiasi kwamba mtu wa nje hawezi kuanzisha mawasiliano na simu yako hata ungependa kumhudumia. Mtafiti anayepima trafiki akiwa California atamwandika mtu huyu katika safu ya wabinafsi. Waliobuni mitandao hii walikuwa na laini ya kulipia kwa mwezi, itumike isitumike, na dhana hiyo imo ndani ya karibu kila kanuni nitakayoieleza.

Kuhusu ubinafsi wenyewe, nadharia ilikuwepo tangu 1950, katika ule mfano maarufu wa wafungwa wawili wanaohojiwa vyumba tofauti. Kila mmoja akifuata maslahi yake, wote wawili huishia pabaya. Mchezo huo ukichezwa mara moja, kusaliti ndiko kunakolipa. Ukichezwa mara nyingi na mtu yuleyule, hesabu hugeuka. Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaalika wataalamu walete programu za kompyuta zishindane katika mchezo huo, na iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzako kama alivyokutendea mara iliyopita. Katika shindano la pili waliingia washiriki 62 waliokwisha kuyajua matokeo ya kwanza, na programu ileile ikashinda tena. Hitimisho la Axelrod, katika kitabu chake cha 1984, ni kwamba ushirikiano hauhitaji urafiki. Unahitaji uwezekano mkubwa wa kukutana tena. Gnutella ilikosa hilo hasa. Uliyempa wimbo leo hamtakutana kamwe, na mkikutana hutamjua.

Aliyelitambua pengo hilo kwa vitendo ni Bram Cohen. Alikuwa amefanya kazi MojoNation, mradi uliotaka kila huduma ndani ya mtandao ilipiwe kwa sarafu yake yenyewe, na mwaka 2001 akatoa BitTorrent, isiyo na sarafu kabisa. Faili linakatwa vipande, mara nyingi vya kilobaiti 256, na watu wanaolitaka wanabadilishana vipande wakati uleule wanapolipakua. Hivyo wageni wasiokutana tena wanageuzwa kuwa washirika wa nusu saa, wanaokutana mamia ya mara ndani ya nusu saa hiyo. Katika muundo aliouchapisha mwaka 2003, kompyuta yako huwapakia wenzako wanne kwa wakati mmoja. Kila sekunde 10 inapiga hesabu upya: nani amenipa kwa kasi zaidi? Anayetoa anaendelea kupewa, anayebana anabaniwa. Na kila sekunde 30 nafasi moja hutolewa kwa bahati nasibu kwa yeyote, hata asiyewahi kutoa kitu.

Nafasi hiyo ya bahati nasibu ndiyo sehemu ya muundo ninayoipenda kuliko zote. Aliyeingia sasa hivi hana kipande cha kubadilishana, na kanuni ya nipe nikupe ikitumika kwa ukali angefia mlangoni. Cohen alimtengea mgeni fungu dogo. Akaongeza kanuni nyingine, kwamba kila mmoja aanze kutafuta kipande kilicho adimu kuliko vyote, ili mapema iwezekanavyo kila mtu awe na kitu ambacho wengine hawana.

Kinachoupa muundo huu nguvu ni kwamba hakuna anayemuuliza mwenzake amechangia kiasi gani. Kila mmoja anahesabu alichokipokea yeye mwenyewe. KaZaA, iliyotamba miaka hiyohiyo, ilikwenda njia nyingine: programu ya kila mtumiaji ilijipigia hesabu ya uchangiaji wake na kuwatangazia wengine alama, ambazo kilele chake kilikuwa 1,000. Haukupita muda likatokea toleo lililochezewa, Kazaa Lite, lililojitangaza kuwa na alama 1,000 saa zote. Ukimwachia mdaiwa ashike daftari la deni, usishangae likisoma sifuri.

BitTorrent nayo ina matundu. Mwaka 2006 watafiti wa ETH Zurich waliandika programu waliyoiita BitThief, isiyopakia hata baiti moja, na ikafanikiwa kushusha mafaili yote. Ilikula zile nafasi za bahati nasibu, ikala pia mikononi mwa wale waliokwisha kulipata faili zima na bado wanatoa. Mwaka uliofuata Michael Piatek wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walitoa BitTyrant, iliyo janja zaidi. Haikatai kutoa, inatoa kiasi kilekile kidogo kinachotosha ili isibaniwe, na kinachobaki inakipeleka kwa mwingine. Mwenye laini nzuri aliyeitumia alipata nyongeza ya kasi ambayo kipimo chake cha kati katika majaribio kilikuwa takriban asilimia 70. Walichokigundua njiani kina uzito kuliko programu yenyewe. Wepesi wa BitTorrent haukutoka hasa kwenye nipe nikupe. Ulitoka kwa wenye laini kubwa waliokuwa wakitoa zaidi ya walivyohitaji, bila kujua au bila kujali. Wenye laini kubwa wote wakianza kupima kwa kijiko, mtandao mzima hupungua kasi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maandishi mengi ya fani hii, yanayoanza kwa kudhani kila mshiriki ni mbinafsi kamili na kumaliza kwa kuthibitisha kwamba kanuni fulani itamshika. Mitandao halisi imebebwa na wachache wanaotoa bila hesabu: ile asilimia moja ya Gnutella, na wale wanaoacha kompyuta wazi usiku kucha ili mtu wasiyemjua apate nakala ya Linux. Kanuni nzuri haina haja ya kumgeuza kila mdoezi. Kazi yake ni kuhakikisha wachache hao hawachoki.

Wengine hawakuridhika na hilo wakajenga jumuiya zilizofungwa. Unaingia kwa mwaliko, una akaunti, na seva inaandika umepakua gigabaiti ngapi na kupakia ngapi. Uwiano ukishuka chini ya kiwango, unafukuzwa. Kwa kasi na wingi wa watoaji jumuiya hizo zilishinda mitandao ya wazi kwa mbali. Bili yake inasomeka wazi. Kwanza, kituo kimerudi, pamoja na msimamizi na orodha ya majina. OiNK, jumuiya maarufu ya muziki, ilizimwa na polisi Oktoba 2007 kwa sababu ilikuwa na seva ya kukamatwa na mtu wa kukamatwa. Pili, kila gigabaiti iliyopakiwa na mmoja imepakuliwa na mwingine, kwa hiyo wote hawawezi kuwa na ziada. Mgeni mwenye laini ya polepole anataka kulipa deni lake na hapati wa kumpa, maana wenye kasi wameshawahudumia wote. Wenye fedha walikodi seva Ulaya zipakie kwa niaba yao. Sarafu ambayo Cohen aliitoa kwa mlango wa mbele ikaingia kwa dirisha.

Je, haiwezekani kuwa na sifa njema bila kituo cha kuzitunza? Mwaka 2003 watafiti watatu wa Stanford walipendekeza EigenTrust, ambamo kila kompyuta inatoa alama kwa zile ilizoshughulika nazo, na alama za yule anayeaminiwa na wengi zina uzito zaidi. Hesabu yake inapendeza. Ila mwaka mmoja kabla, John Douceur wa Microsoft alikwishaonyesha ubovu wa msingi wa jengo lolote la aina hiyo: pasipo mamlaka ya kutoa vitambulisho, mtu mmoja anaweza kujifanya watu elfu, wakasifiana wao kwa wao. Na hata asipojizidisha, anaweza kulitupa jina lililochafuka na kurudi na jipya. Eric Friedman na Paul Resnick walilichambua jambo hili mwaka 2001, na jibu lao halifurahishi. Mahali ambapo majina hayana gharama, jamii inayotaka kujilinda hulazimika kumtilia shaka kila mgeni na kumtoza ada ya kuingia, ama kwa fedha ama kwa kumtumikisha kwanza, kwa sababu hakuna njia ya kumtofautisha mgeni wa kweli na tapeli aliyebadili kanzu. Hasara hiyo haina mwizi. Inamwangukia mtu ambaye hajakosa.

Bitcoin ilipokuja iliukata mzizi huo kwa shoka. Waraka wa Satoshi Nakamoto, wa Oktoba 31, 2008, haujali una majina mangapi. Kura inapigwa kwa kazi ya kompyuta: anayelipata jibu la fumbo la hesabu, ambalo hupatikana takriban kila dakika 10, ndiye anayeandika ukurasa unaofuata wa daftari la miamala, na hulipwa kwa sarafu mpya. Malipo yalianza kwa sarafu 50, yamekuwa yakikatwa nusu takriban kila miaka minne, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Mbinafsi anaona inamlipa kulilinda daftari kuliko kulighushi. Kwa mara ya kwanza mtandao usio na mwenyewe ulisimama juu ya maslahi matupu, bila kumhitaji mkarimu hata mmoja.

Bili ya mpango huu ni umeme. Makadirio ya Chuo Kikuu cha Cambridge kwa miaka ya karibuni yanapita terawati-saa 100 kwa mwaka, zaidi ya kinachozalishwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kituo nacho kimerudi kwa sura nyingine: mchimbaji mdogo, kama waitwavyo wanaotafuta majibu ya mafumbo hayo, peke yake angeweza kungoja miaka mingi bila kupata fumbo hata moja, kwa hiyo wachimbaji hujiunga katika vikundi vinavyogawana mapato. Juni 2014 kikundi kimoja, GHash.io, kilifikia nusu ya nguvu yote ya uchimbaji, kiwango ambacho daftari linaweza kuchezewa. Baadhi ya wachimbaji walihama, na wenye kikundi wakaahidi kutovuka asilimia 40; ahadi tu, katika mfumo uliojengwa ili pasihitajike ahadi. Ittay Eyal na Emin Gün Sirer wa Cornell walikuwa wameonyesha mwaka 2013 kwamba hata nusu haihitajiki: mwenye theluthi moja anaweza kuficha kurasa alizozipata, akazitoa kwa wakati wake, na kuvuna zaidi ya haki yake. Ethereum, mtandao mwingine wa aina hiyo wenye sarafu yake, ether, iliachana na uchimbaji Septemba 2022. Badala yake mshiriki anaweka dhamana ya ether 32, na akidanganya sehemu ya dhamana inakatwa. Umeme umeokolewa kwa zaidi ya asilimia 99. Anayelipa sasa ni yule asiye na ether 32.

Malipo yana kasoro nyingine, nayo wahandisi huisahau. Katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walijaribu kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Ucheleweshaji uliongezeka, na faini ilipofutwa haukurudi ulipokuwa; kilichokuwa aibu kimeshakuwa bei. Tor, mtandao unaoficha anwani za watumiaji wake, umekuwa ukiendeshwa na maelfu ya mashine za watu na taasisi za kujitolea, wasiolipwa na mtandao. Mapendekezo ya kuwalipa yamekuwepo kwa miaka mingi, na wasiwasi ni uleule: ukianza kulipa, watakaokuja watakuwa wa aina nyingine, na walioko wataanza kujiuliza kwa nini wafanye bure.

Ushirikiano wa wabinafsi unaonivutia kuliko yote hauna fumbo wala sarafu. Intaneti yenyewe ni mitandao mingi ya makampuni yanayoshindana, na hakuna aliye juu yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilipanda satelaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi, na kampuni zote mbili zikalipia safari hiyo kwa dola. Novemba 2000 makampuni hayo yalifungua kituo cha kubadilishana trafiki, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje, ililalamika, na mamlaka ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Utafiti wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kituo hicho kiliyaokolea makampuni karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka, na muda wa ujumbe kufika ukashuka kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Wapinzani wa soko walikaa chumba kimoja, kila mmoja akijua kwamba akimbania mwenzake leo, waya wake utachomolewa kesho.

Mwaka 2011 shirika la Packet Clearing House lilichunguza makubaliano zaidi ya 142,000 ya kubadilishana trafiki duniani, likakuta kwamba asilimia 99.5 hayana mkataba wa maandishi. Ni kushikana mikono tu. Axelrod asingeshangaa: washiriki wanajulikana, wanakutana kila sekunde, kila mmoja anapima mwenyewe anachokipokea, na kuvunja ni rahisi. Ila kushikana mikono kunataka pande mbili zenye kitu cha kubadilishana. Mwenye mtandao mkubwa akifuatwa na mdogo mwenye wateja wachache, kwa kawaida hukataa kubadilishana na badala yake humuuzia njia, kwa bei aitakayo, mpaka mdogo huyo atakapokuwa mkubwa kiasi cha kukosekana kwake kuuma.